MAGAZINI YA KOPERATIVE: TUBADILI NINI, TUSHIKE NINI?



Watu wa mashimo na watu wa site wanatuuliza mara nyingi: koperative ya chakula inaweza kuishi namna gani katikati ya wafanyabiashara wakubwa? Wao wana malori na depo, wana feza za kungojea bei nzuri, wananunua unga kwa wagoni nzima. Sisi tuna mshahara wa mwezi tu, na mshahara wenyewe mara nyingi umekwisha kuliwa kabla haujafika mkononi.

Swali hili ni la haki. Hatutalijibu kwa maneno matamu, maana maneno matamu hayajazi sufuria. Tutalijibu kwa mambo yaliyotendeka. Koperative za chakula zimekwisha kuishi zaidi ya miaka 180 duniani. Nyingine zimesimama mpaka leo, nyingine zimekufa na kuwaachia wanachama machozi. Zote zilipigwa na upepo mmoja, ule wa biashara kubwa. Basi tutazame: kwa nini hizi zilisimama, na kwa nini zile zilianguka?

Kwanza tuseme wazi jambo linalotusukuma kuandika. Kila mtu anajua maisha ya nyongo. Baba anapokea mshahara mwisho wa mwezi. Tarehe 10 nyumba haina kitu. Mama anakwenda kwa mwenye duka, jina la baba linaandikwa katika kaye, mfuko wa unga unatoka. Mwezi ukiisha, mshahara unakwenda kulipa kaye, na tarehe 5 mama anarudi kule kule. Mwenye duka hakukopesha kwa huruma. Bei ya nyongo ni kubwa kuliko bei ya feza mkononi, na mwenye nyongo hawezi kwenda kununua kwa mwingine. Tena unga wetu wa Katanga, sehemu kubwa inatoka Zambia. Kila mara mpaka unapofungwa kwa mahindi, bei inapanda, na anayelipa ni mama anayepika bukari, si yule aliyeweka mifuko katika depo yake mapema.

Tusifikiri kwamba shida hii ni ya ngozi nyeusi peke yake. Katika Uingereza ya karne ya 19, mabwana wengi wa mashimo na viwanda waliwalipa watu wao kwa vyakula vya duka la bwana mwenyewe, kwa bei ya bwana, na kwa mizani ya bwana. Serikali ilitunga sheria ya kukataza jambo hilo mwaka 1831. Hata katika Ubelgiji, nchi iliyotutawala, wafanyakazi walilipwa hivyo, au walilazimishwa kununua kwa msimamizi wao, mpaka ilipotoka sheria ya mishahara ya tarehe 16 Agosti 1887. Basi watu wa Ulaya nao walikula nyongo. Tuone walitoka namna gani.

Katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi wengine walikuwa wamekwisha kujaribu duka lao tangu 1833, likafa sababu ya kukopesha. Mwaka 1844 wakaanza tena. Walikuwa watu 28, na mtaji wao ulikuwa paundi 28, waliouchanga senti kwa senti kila wiki. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua mlango katika njia iitwayo Toad Lane, usiku, baada ya kazi. Mezani palikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Ni hivyo tu. Wenye maduka walicheka.

Lakini watu wale walikuwa na amri chache, wakazishika sana. Ya kwanza: hakuna kukopa, kila mtu alipe feza mkononi. Ya pili: bidhaa safi, isiyochanganywa na kitu kingine, na kipimo kamili. Ya tatu: mtu mmoja kura moja, hata kama ameweka feza nyingi kuliko wenzake. Ya nne: masalio yote, baada ya kulipa gharama na kuweka akiba, yanarudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua kingi anarudishiwa kingi. Hapo mama wa nyumbani, kwa kununua unga wa watoto tu, akawa anaweka akiba bila kujua.

Upepo wa kwanza wa wakubwa ulipiga mapema. Wenye maduka ya kawaida waliwaambia wenye viwanda na wauzaji wa jumla wasiwauzie watu wa koperative. Koperative moja peke yake ingekufa. Dawa yao ilikuwa nini? Waliungana. Mwaka 1863 koperative nyingi za kaskazini ya Uingereza zilianzisha nyumba moja ya kununua kwa jumla, mjini Manchester. Mwaka 1873 nyumba hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha biskuti na kiwanda chake cha viatu. Baadaye, pamoja na wenzao wa Scotland, walinunua mashamba ya chai kule Ceylon. Aliyekatazwa kununua mlangoni alikwenda kuchota kisimani mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano mwingine ni wa Uswisi. Mwaka 1925 mtu mmoja, Gottlieb Duttweiler, alitoa malori 5 katika mji wa Zurich. Hakuwa na duka. Malori yalisimama mitaani na kuuza vitu 6: kahawa, mchele, sukari, makaroni, mafuta ya nazi na sabuni, kwa bei ya chini sana. Wenye viwanda walikataa kumuuzia, naye akajenga viwanda vyake. Kazi hiyo, jina lake Migros, ilikuwa mali yake, si koperative. Mwaka 1941 aliigeuza kuwa koperative ya wanunuzi. Leo ina wanachama zaidi ya milioni 2. Tangu siku za Duttweiler, Migros haiuzi pombe wala tumbako katika maduka yake makubwa yenye jina lake. Mwaka 2022 waliulizwa: tuanze kuuza pombe kama maduka mengine yanavyofanya? Wanachama wa koperative zote 10 za mikoa walipiga kura, na zote 10 zikasema hapana. Hatusemi hapa kwamba pombe iuzwe au isiuzwe. Tunasema: wenye mali waliulizwa, na neno lao likasimama.

Sasa tutazame upepo wa pili, ulio mkali zaidi, maana haukuja na chuki, ulikuja na bei nzuri.

Wakati wa vita, mwaka 1942, koperative ya London ilijaribu mjini Romford duka ambalo mnunuzi anajichukulia mwenyewe vitu, kisha analipa mlangoni. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, sehemu kubwa ya maduka ya namna hiyo katika Uingereza yalikuwa ya koperative. Basi koperative ndizo zilizotangulia. Kwa nini zikapitwa? Kwa sababu zilikuwa vipande vipande, karibu 1,000, kila moja na komite yake, na depo yake, na mkubwa asiyetaka kupoteza kiti. Mwaka 1958 komisyo iliyoongozwa na Hugh Gaitskell iliwashauri waungane wabaki 200 au 300 tu. Walisikia, lakini walikwenda polepole. Mwaka 1964 sheria mpya iliondoa nguvu ya wenye viwanda kupanga bei ya dukani. Hapo wafanyabiashara wakubwa wakateremsha bei, wakajenga maduka makubwa, na mama wa Uingereza, aliyekuwa akingoja masalio, akaona afadhali bei ndogo ya leo. Hatuwezi kumlaumu. Upendo wa koperative haupiki chakula.

Fundisho la hapo ni zito: koperative inayouza ghali, au inayofunga mlango saa watu wanapotoka kazini, au yenye rafu tupu, haitaokolewa na jina lake. Mwanachama ni mwanachama, lakini tumbo ni tumbo.

Wengine, kwa kuogopa kupitwa, walianguka upande wa pili wa njia. Walitaka kuwa kama wakubwa mpaka wakasahau wao ni nani. Katika Ujerumani, koperative nyingi ziliunganishwa kuwa kompani ya hisa kama kompani nyingine. Wanachama hawakuwa tena na macho ndani ya hesabu. Mwisho wa miaka ya 1980 deni kubwa lililofichwa lilifunuliwa, na wakuu wake wakapelekwa mbele ya hakimu. Katika Austria, Konsum, koperative iliyojulikana katika nchi nzima, ilifilisika mwaka 1995. Katika Marekani, koperative ya Berkeley iliyoanza katika miaka ya 1930 ilikua mpaka ikapita wanachama 100,000. Katika miaka ya 1970 ilinunua maduka mengine nje ya mji wake, mahali ambapo watu hawakuwa na habari nayo. Hasara iliingia, mabishano ya ndani yakazidi, na mwaka 1988 ilifunga.

Hata ile nyumba ya Manchester, mama wa nyingine nyingi, ilionja uchungu. Mwaka 2009 ilinunua maduka ya Somerfield kwa paundi zaidi ya bilioni 1.5, na mwaka ule ule benki yake ilimeza chama kingine cha akiba na mikopo ya nyumba. Mwaka 2013 ilionekana kwamba benki ina upungufu wa paundi bilioni 1.5. Koperative ilipoteza sehemu kubwa ya benki yake. Mwaka 2014 iliuza mashamba yake na maduka yake ya dawa kusudi ilipe. Tangu hapo ilirudi kwenye kazi inayoijua: maduka madogo karibu na nyumba za watu. Mwaka 2016 ilianza tena kuwarudishia wanachama sehemu ya manunuzi yao, na mwaka 2018 ilinunua nyumba ya jumla inayouzia maduka madogo ya wengine. Ilipona, lakini iliacha nyama njiani.

Na Wabelgiji? Mjini Gent, mwaka 1880, wafanyakazi pamoja na Edouard Anseele walianza koperative ya mikate, jina lake Vooruit, maana yake "Mbele". Mkate ulikuwa wa bei nafuu na kipimo cha kweli. Masalio yalirudishwa kwa vibali vya kununulia vitu katika magazini za Vooruit yenyewe, kwa hiyo feza ilizunguka ndani ya nyumba. Wakawa na magazini za nguo, dawa, makaa, na nyumba kubwa ya mikutano na michezo ambayo imesimama mpaka leo. Lakini Anseele alitaka kwenda mbio na makapitalisti kwa farasi wao wenyewe. Mwaka 1913 ilianzishwa Benki ya Kazi, na akiba ya wafanyakazi ikatiwa katika viwanda vingi. Uchumi wa dunia ulipoanguka, viwanda vilianguka, na mwaka 1934 benki ikafunga milango. Mikate haikuwaua. Waliuawa na feza ya akiba iliyochezwa mahali ambapo mwanachama hakuweza kuona.

Ndugu, tukiyaweka mambo haya yote juu ya meza, tunaona jambo moja. Kuna mambo ya kubadili, na kuna mambo ya kushika. Anayeshika yote anapitwa. Anayebadili yote anakuwa mfanyabiashara kama wale wale, ila bila ujuzi wao.

Mambo ya kubadili ni vyombo vya kazi. Saa za kufungua zifuate zamu za mashimo, si raha ya karani wa duka. Ununuzi ufanywe pamoja na koperative nyingine, maana anayenunua mifuko 20 analipa bei ya mtu mdogo, na anayenunua 2,000 anasikilizwa. Katika Marekani koperative za chakula ziliungana tangu 1999 kusudi zinunue kwa mkataba mmoja, nazo kila moja ikabaki na wanachama wake na komite yake. Huo ni umoja wa akili. Hesabu zifanywe kwa vyombo vya leo. Bei iandikwe ukutani. Na kama kuna kitu ambacho mfanyabiashara wa kawaida anauza vizuri kuliko sisi, tumwachie auze. Si lazima koperative iuze kila kitu.

Wengine wamepata njia nyingine tena. Mjini New York, Park Slope Food Coop, iliyoanza 1973, haiuzii mtu asiye mwanachama, na kila mwanachama anafanya zamu ya karibu saa 3 dukani: kupakua, kupanga, kupokea feza, kufagia. Kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hailipwi mshahara, bei inashuka. Wenzao wa Paris walifungua La Louve mwaka 2016 kwa mfano huo, na Brussels walifungua BEES coop mwaka 2017. Hapo mwanachama hawezi kusema "duka lao". Mikono yake mwenyewe imebeba mifuko.

Mambo ya kushika ni manne. Kura moja kwa mtu mmoja. Hesabu wazi. Kutokopesha. Kutotia akiba ya watu katika mambo ambayo watu hawayaelewi.

Labda mtu atasema: "Kutokopesha ni ugumu wa moyo. Mtoto analia, nawe unasema amri ya Rochdale." Tumjibu kwa hesabu, sisi tunaoshinda mchana kutwa juu ya hesabu. Tuseme kwa mfano jamaa 100 wameungana, kila jamaa inanunua mifuko 2 ya unga kwa mwezi. Ni mifuko 200. Tuseme mfuko mmoja ni franka 30,000, na baada ya kulipa lori, mlinzi na kodi ya nyumba, kila mfuko unaacha franka 1,500. Kwa mwezi masalio ni franka 300,000. Tukiweka 100,000 katika akiba, kila jamaa ina franka 2,000 za kurudishiwa, yaani 24,000 kwa mwaka. Si utajiri, lakini ni karibu mfuko mzima. Sasa, jamaa 10 tu wakichukua mifuko yao kwa nyongo mwezi mmoja na wasilipe, hasara ni franka 600,000. Masalio ya watu 100 kwa miezi 2 yamekwisha. Jamaa 10 wamekula, jamaa 90 wamelipa, na hakuna kitu cha kurudishiwa. Nani sasa mwenye moyo mgumu?

Dawa ya shida ya nyumba si nyongo ya dukani. Ni sanduku la kusaidiana lililotengwa, lenye feza yake na amri zake, ambalo wanachama wamepiga kura juu yake. Aliyefiwa au aliye mgonjwa asaidiwe kutoka sanduku hilo, na feza ya unga ibaki feza ya unga.

Na juu ya wezi, tuseme bila kuficha, maana hofu hii ndiyo inayowazuia watu wengi. Vyama vingi vya kwetu vimekufa mikononi mwa mtunza feza. Lakini mtunza feza haibi kwa sababu ni mbaya kuliko wengine. Anaiba kwa sababu yeye peke yake anashika ufunguo, anaandika kaye, na anahesabu mifuko. Kazi hizo tatu zitengwe kwa watu watatu. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anasoma. Wachunguzi wawili wachaguliwe nje ya komite, wahesabu mifuko siku isiyotangazwa. Na akina mama wawe ndani ya komite, maana wao ndio wanaonunua, na hakuna anayejua bei ya unga na uzito wa mfuko kuliko wao. Chama cha chakula kisicho na mama katika komite ni lori bila dereva.

Tena tusitafute ruhusa mbali. Zamani za ukoloni, koperative ya Mwafrika ilikuwa na sheria yake mbali, ya 1956, na jicho la utawala lilikaa juu yake. Leo Kongo imo katika OHADA tangu 2012, na sheria ya koperative ya OHADA, iliyotungwa mwaka 2010, inaruhusu watu 5 tu kuanzisha koperative ndogo, wakiandika amri zao na kuiandikisha. Watu 5! Katika parsele moja ya site wanapatikana kabla ya jua kuchwa.

Basi shauri letu ni hili. Watu wa kambi moja au avenue moja wasianze na jumba lenye rafu 50. Waanze na kitu kimoja, unga, na baadaye mafuta, chumvi na sabuni. Wachange kidogo kidogo kwa miezi michache, mbele ya wote. Wapime mizani yao mbele ya watu. Wauze kwa feza mkononi. Wakutane na watu wa kambi ya pili kusudi lori liwe moja. Mwaka wa kwanza masalio yote yawekwe akiba, maana mfanyabiashara mkubwa anaweza kuteremsha bei miezi 3 kusudi awaue, na asiye na akiba atakufa mwezi wa pili. Siku hiyo ya bei ya kuua itakuja. Mwanachama anayekimbilia bei hiyo akumbuke kwamba mwezi wa nne, koperative ikiwa imekufa, bei itarudi mahali pake, na zaidi.

Hatuahidi mtu utajiri. Watu 28 wa Rochdale hawakuahidiana utajiri, waliahidiana mizani ya kweli. Mtu anayesema anataka kutawala nchi yake, na aanze kutawala mfuko wa unga wa nyumba yake. Kaye ya mwenye duka imefunguliwa juu ya meza, jina la baba limo ndani. Mwezi ujao, likiandikwa tena humo au likiandikwa katika daftari ya wanachama, hilo tutalichagua wenyewe.